Safu ya Ushahidi

Andalio la somo lina safu sita,
nimezipiga kwa rula iliyomegeka ncha:
umahiri, shughuli, zana, muda,
vigezo vya upimaji, na ile ya mwisho, nyembamba kama uchochoro,
ushahidi.

Kidato cha Kwanza B, Pandambili. Kiingereza.
Muhtasari umesema, na muhtasari haukohoi:
"Mwanafunzi abaini wazo kuu la matini,
alithibitishe kwa maneno ya matini yenyewe."
Sawa. Matini iko wapi?
Vitabu tisa, vichwa sitini na vinne,
na ukurasa wa arobaini, wenye hadithi yenyewe,
mchwa waliula likizo ya Juni
kuanzia wazo kuu kushuka chini.

Basi Ijumaa nikaandika ubaoni, chaki ikilia:
Nendeni nyumbani. Tafuteni Kiingereza popote kilipojificha.
Kisomeni. Mniambie kinataka nini,
na neno gani limekifichua.

Wakarudi Jumatatu na upepo wa Kongwa migongoni,
vumbi kwenye kope.
Karatasi ya sabuni. Mfuko wa saruji, nusu.
Malogo kaleta fulana ya mtumba ya mjomba wake,
mpakia magunia Kibaigwa, shingo kama kinu;
kifuani imeandikwa kwamba mvaaji ndiye bibi bora duniani.
"Wazo kuu?"
"Mjomba ni bibi, mwalimu."
"Ushahidi?"
"Anaivaa kila siku."
Darasa likacheka hadi mabati yakaitikia.
Nikampa saba kwa kumi. Nyinyi mngempa ngapi?

Sechelela hakucheka.
Aliweka mezani chupa ya dawa ya mbuzi
aliyoiacha bwana mifugo,
lebo imebabuka pembe moja, herufi za ukubwa wa chawa.
Alikesha nayo, alisema, kwa tochi ya simu ya kaka
na kamusi inayoanzia D
(A hadi C ziliwashia jiko).
Neno moja lilimtoa jasho;
kamusi ikasema: kutoa fedha benki.
Benki? Ndani ya chupa ya mbuzi?
Akaliacha, akasoma yaliyolizunguka,
neno nyama, neno siku, kumi na nne, neno la kukataza,
kama mtu anayemtafuta mbuzi gizani
kwa kusikiliza kengele.

Kumbe: usichinje kabla ya siku kumi na nne.
Na baba yake, Mzee Ndahani, alikuwa ameshanoa kisu;
wageni wa posa ya dada walikuwa waje kesho yake,
na beberu alichomwa sindano Jumatano.

Palikuwa na maneno usiku ule.
"Toka lini chupa ikanipangia mboga?"
Mama akasema, mwache mtoto asome tena.
Akasoma tena, kidole chini ya mstari,
kwa Kiingereza, kisha Kiswahili, kisha Kigogo kwa ajili ya bibi,
na bibi ndiye aliyesema: basi kuku.

Jumanne akaja mthibiti ubora, Bi. Nhonya,
viatu vyeusi vimegeuka rangi ya barabara.
Akapitisha kalamu juu ya safu zangu.
"Matini?"
Chupa.
"Umahiri?"
Huo hapo, neno kwa neno kama mlivyouleta.
"Na hapa, mwalimu, kwenye ushahidi,
mbona pameandikwa 'mbuzi'?"

Nikamwonyesha dirishani.
Ng'ambo ya uwanja wa mpira, penye miiba,
beberu mwekundu alikuwa amesimama kwa miguu miwili
akivuta jani la mgunga,
siku ya sita.

Bi. Nhonya alimtazama kitambo.
Akafungua kalamu, akaifunga.
Kisha akaniuliza, sauti ya chini, si ya ofisi,
kama huyo Sechelela anaweza kusoma
karatasi ya dawa za presha
za mama yake, kule Mpwapwa.